Usafi wa Ziwa Huanzia Mlimani: Nafasi ya Bugeshi katika Kulinda Mazingira ya Rubavu

Mji wa Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, unafahamika kwa ufukwe wake wa Ziwa Kivu. Panaposemwa habari za kuhifadhi mazingira katika wilaya yetu, mawazo ya wengi huenda moja kwa moja huko: kwenye mchanga wa ufukweni, kwenye hoteli, kwenye mitumbwi ya wavuvi. Ndiyo maana katika mikutano ya wananchi wa Umurenge wa Bugeshi, ulio juu katika ardhi ya volkano kando ya mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huulizwa swali ambalo ni la haki kabisa: sisi tunaolima viazi milimani, mambo ya ziwa yanatuhusu nini?

Makala haya yamekusudiwa kulijibu swali hilo. Yataeleza namna ardhi ya juu inavyofungamana na mji ulio chini, sheria zinasema nini, viongozi wa mitaa wana kazi gani, Polisi inaingia wapi, na mwananchi ana wajibu gani na haki gani. Jibu kwa ufupi ni hili: mji wa ziwani haulindwi ziwani peke yake. Hulindwa kwanza katika mashamba, makorongo na njia za milimani, na walinzi wake wa kwanza ni watu wanaoishi huko.

Maji hayana mpaka wa Umurenge

Ardhi ya Bugeshi imetokana na milima ya moto. Upande mmoja umesimama mlima Karisimbi, wenye urefu wa mita 4,507, na ng'ambo ya mpaka upo Nyiragongo, ambao ulilipuka mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Udongo uliotokana na lava una rutuba nyingi, na kwa sababu hiyo viazi hustawi. Hata hivyo, udongo huo una tabia mbili ambazo kila mkazi anapaswa kuzifahamu.

Tabia ya kwanza ni kwamba maji hupenya upesi katika miamba yenye matundu na nyufa. Maji hayo hayapotei. Husafiri chini kwa chini, na wanasayansi waliolichunguza Ziwa Kivu wamethibitisha kwamba ziwa hilo hupokea maji mengi kutoka chemchemi zilizo chini ya uso wake, hasa upande wa kaskazini, upande wa milima ya volkano. Chemchemi hizo zina kazi kubwa, kwa maana husaidia kudumisha matabaka ya maji ya ziwa. Matabaka hayo ndiyo yanayozifungia kilindini gesi ya methani na hewa ya ukaa, gesi ambazo zingeleta maafa kama zingetoka kwa ghafla. Kwa hiyo kinachomwagwa katika ufa wa mwamba mlimani, kiwe ni taka za choo au dawa ya shamba iliyobaki katika debe, kimeingia katika njia ya maji, ingawa hakuna mto unaoonekana kwa macho.

Tabia ya pili huonekana wakati wa mvua kubwa. Mvua inapozidi uwezo wa ardhi wa kuimeza, maji hukusanyika katika makorongo na kuteremka kwa nguvu yakibeba udongo, mawe na miche. Shamba lisilo na kingo hupoteza kwa saa moja udongo uliochukua vizazi vingi kujengeka. Mkulima wa juu amepoteza rutuba yake, na jirani wa chini amepokea tope katika nyumba yake. Hasara ni ya wote wawili.

Funzo la Mei 2023

Ukubwa wa hasara hiyo ulionekana wazi usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua zilizonyesha usiku huo katika Mkoa wa Magharibi, na katika sehemu za Kaskazini na Kusini, zilisababisha mafuriko na maporomoko ya udongo yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini. Wilaya ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mto Sebeya ulifurika, na maji yakaingia katika nyumba za watu waliokuwa wamelala, hasa katika maeneo ya Kanama, Nyundo na Rugerero.

Sebeya haupiti Bugeshi, lakini kisa chake ni darasa kwa kila Umurenge wa milimani. Mto huo hupokea maji kutoka miinuko ya Gishwati kabla ya kuingia Ziwa Kivu. Msitu wa Gishwati uliwahi kuwa na ukubwa wa takriban hekta 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu, baada ya ardhi kutumiwa kwa malisho, mashamba na makazi ya watu waliorejea nchini baada ya mwaka 1994. Mizizi iliyokuwa ikiushika udongo ilipoondoka, mvua ileile iliyokuwa baraka ikageuka kuwa tishio.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2016 mabaki ya misitu ya Gishwati na Mukura yalifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2020 UNESCO ikayatambua maeneo hayo kuwa hifadhi ya uhai na viumbe. Katika bonde la Sebeya yamechimbwa matuta ya ngazi, imepandwa miti, na likajengwa bwawa la kupunguza kasi ya maji. Hata hivyo mafuriko ya 2023 yalikuja, na yalitufundisha kwamba ukuta mmoja hauwezi kuzuia kile kilichoachwa kuanza katika maelfu ya mashamba. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nchi ya milima, ufa huzibwa shamba kwa shamba.

Sheria zinasema nini

Wananchi wengi husikia habari za sheria za mazingira siku wanapokamatwa, na hiyo ni siku mbaya ya kujifunza. Ni vema zifahamike mapema.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2018 ndiyo msingi. Pamoja na amri zinazoifuatana nayo, imeweka maeneo ya kinga kando ya maji: mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, mita 10 kutoka ukingo wa mto mkubwa, na mita 5 kwa mto mdogo. Ndani ya maeneo hayo hairuhusiwi kujenga wala kulima bila idhini, kwa sababu majani na miti ya kandokando ndiyo chujio la mwisho kabla ya udongo kuingia majini.

Kuhusu plastiki, Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kuikataza mifuko ya nailoni, ile ambayo wengi wetu huiita amashashi, kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ilifuata hatua kama hiyo mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2019, tarehe 10 Agosti, Rwanda iliibadilisha sheria yake na kuipanua. Sasa inakatazwa siyo mifuko peke yake, bali pia vifaa vya plastiki vya kutumika mara moja na kutupwa, kama vile mirija, sahani na vikombe vya kutupa.

Adhabu zake ni za kiutawala, na zimepangwa kulingana na uzito wa kosa. Anayeingiza bidhaa hizo nchini hunyang'anywa na kutozwa faini inayolingana na thamani ya mzigo mara 10. Kwa mfano, mwenye mzigo wa faranga 20,000 atatakiwa kulipa faranga 200,000. Anayeuza kwa jumla hutozwa faranga 700,000, na anayeuza rejareja faranga 300,000, na bidhaa zao huchukuliwa. Anayezitupa mahali pasiporuhusiwa hutozwa faranga 50,000 na kutakiwa kurekebisha uharibifu alioufanya.

Viwango hivi vinafaa kupimwa na kila mtu anayeshawishiwa kubeba fungu la mifuko kwa malipo ya siku moja. Mwenye mali mara nyingi habebi, hubebesha wengine. Faini humwangukia aliyekutwa na mzigo.

Mifuko ya plastiki na njia za panya

Hapa ndipo Bugeshi inapokuwa na nafasi ya pekee. Gisenyi ina vituo rasmi vya mpaka ambavyo hupitiwa na umati wa watu kila siku. Ukaguzi unapokuwa imara huko, wafanya magendo hutafuta njia nyingine, nazo hupatikana katika mirenge ya mashamba iliyopakana na Kongo. Kongo nayo ilitoa amri ya kuikataza mifuko hiyo mwishoni mwa mwaka 2017, lakini bado hupatikana katika masoko yake. Kwa kuwa ni myepesi, hukunjwa na kufungwa mwilini chini ya nguo, au hufichwa ndani ya magunia ya mazao.

Wanaobeba, ambao hapa Rubavu huitwa abacoracora, kwa kawaida si matajiri. Wengi ni vijana wasio na kazi na akina mama wenye watoto wa kulisha. Polisi inalitambua hilo, na kwa sababu hiyo elimu hutangulizwa. Lakini ni lazima isemwe wazi kwamba hatari ya njia za panya ni kubwa kuliko faini. Mtu anayevuka mpaka usiku, katika eneo ambalo limewahi kushuhudia mapigano, hawezi kutofautishwa kwa urahisi na mtu mwenye nia mbaya. Ameuweka uhai wake rehani kwa ajili ya fungu la nailoni. Njia rasmi ina foleni, ndiyo, lakini aliyeipita hurudi nyumbani.

Je, mfuko mmoja una madhara gani hata utungiwe sheria? Ukifunikwa na udongo shambani, huzuia maji kupenya na mizizi kushuka. Ukiliwa na ng'ombe au mbuzi, huziba tumbo lake. Ukichomwa, hutoa moshi wenye sumu. Na ukisombwa na mvua hadi katika mtaro, hukamata majani na mchanga, mtaro ukaziba, na maji yakajitafutia njia mpya, mara nyingi kupitia mlangoni mwa mtu. Hivyo fungu lililopitishwa kwa siri Bugeshi linaweza kuwa chanzo cha mtaro uliofurika mjini.

Nani ana kazi gani

Utunzaji wa mazingira katika wilaya hauko mikononi mwa ofisi moja. Mwananchi akijua nani anahusika na nini, hatapoteza muda akizunguka.

Wilaya hupanga na kugharimia. Tangu mwaka 2006 viongozi wa wilaya hutia saini mikataba ya utendaji, imihigo, mbele ya Rais wa Jamhuri, na ndani yake huwekwa malengo ya kupanda miti, kuchimba matuta na kudhibiti taka. Rubavu ni mmoja wa miji 6 iliyochaguliwa kitaifa kukuzwa pamoja na Kigali, ndiyo maana mji unapanuka kwa kasi na mahitaji ya mitaro na sehemu za taka yanaongezeka.

Umurenge, Akagari na Umudugudu hutekeleza. Chombo chao kikuu ni umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, inayowahusu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wenye uwezo wa kufanya kazi. Katika mirenge ya milimani, umuganda wenye manufaa zaidi ni ule wa kufukua mitaro kabla ya msimu wa mvua, kupanda mianzi na majani kando ya makorongo, na kuhudumia miche iliyokwisha kupandwa. Mche uliopandwa kwa shangwe na kuachwa uliwe na mbuzi haukumsaidia mtu.

Abunzi, wapatanishi 7 waliochaguliwa na wananchi, husikiliza migogoro midogo ya majirani. Wengi hawajui kwamba ugomvi wa maji ya paa au mtaro wa shamba unaweza kupelekwa kwao. Jirani wa juu akielekeza maji yake katika shamba la jirani wa chini, dawa si panga wala matusi. Dawa ni kukaa mbele ya Abunzi mapema, kabla neno halijawa jeraha na jeraha likawa jinai.

Polisi husimamia utekelezaji wa sheria. Katika mazingira ina kazi tatu: kuelimisha, kuzuia na kuokoa. Polisi ya Taifa ya Rwanda ina kitengo maalumu cha mazingira, na pia ina kitengo cha majini kinacholinda Ziwa Kivu. Lakini nguvu yake vijijini hutokana na Kamati za Polisi Jamii na vijana wa kujitolea, ambao ni wakazi wenyewe. Wao ndio wanaojua ni korongo lipi limeanza kupanuka na ni nyumba ipi iliyo hatarini.

Hifadhi ni jirani, si adui

Bugeshi ina jirani mwingine: Hifadhi ya Taifa ya Volkano, ambayo imeenea katika wilaya za Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu. Msitu wake ni tangi la maji la watu wa chini. Hupokea mvua, huipunguza kasi, na kuiachia polepole. Anayekata mianzi humo au kutega mitego hatendi kosa dhidi ya wanyama tu. Anatoboa tangi hilo.

Ni kweli kwamba hifadhi ina gharama kwa jirani zake. Nyati huvuka ukuta wa mawe na kuharibu mashamba. Kwa hiyo sheria imeweka pande mbili za haki. Kwanza, sehemu ya mapato ya utalii hurudishwa kwa wananchi wanaozunguka hifadhi: ilikuwa asilimia 5 tangu mwaka 2005, na mwaka 2017 ikapandishwa hadi asilimia 10, ikagharimia miradi kama shule, vituo vya afya na maji. Pili, tangu 2011 ipo sheria inayoupa mfuko maalumu jukumu la kulipa fidia kwa hasara iliyosababishwa na wanyamapori. Aliyeharibiwa shamba asimrukie mnyama kwa mkuki. Ayaache mabaki ya mazao yaonekane, atoe taarifa mara moja kwa viongozi wa Akagari, na ahakikishe hasara imeandikwa. Fidia hufuata maandishi.

Yatupasayo kutenda

Yafuatayo yanaweza kufanywa na kila kaya ya Bugeshi bila kungoja mradi wowote.

Kinga maji ya paa kwa tangi, au yachimbie shimo la kuyapokea. Katika ardhi isiyo na mito, maji hayo ni mali, na yasipokingwa ni silaha.

Lima kwa kukingama na mteremko. Panda majani ya mifugo kwenye kingo za matuta. Yatashika udongo na yatamlisha ng'ombe.

Usitupe taka katika korongo au ufa wa mwamba. Taka zinazooza ziwe mbolea, na makopo ya dawa za mimea yasioshwe karibu na maji.

Nenda sokoni na kikapu au mfuko wa kitambaa. Mchuuzi akikupa bidhaa katika nailoni, ikatae kwa upole.

Uonapo korongo linapanuka, mti ulioinama juu ya nyumba au ardhi yenye nyufa baada ya mvua, toa taarifa kwa kiongozi wa Umudugudu kabla ya usiku. Panapokuwa na hatari ya haraka, piga 112, namba ya dharura ya Polisi, bila malipo. Ajali ya ziwani hupigiwa 110.

Na pamoja na wajibu huu, zipo haki. Mwananchi anayetozwa faini ana haki ya kuelezwa kosa lake na kifungu cha sheria, na ana haki ya kupewa stakabadhi. Faini hulipwa serikalini. Haiwekwi mkononi mwa mtu. Anayedai fedha bila stakabadhi, awe amevaa sare au hakuivaa, anatenda rushwa, na kumripoti ni sehemu ya kulinda mazingira, kwa kuwa magendo hayapiti bila mlango uliofunguliwa na mtu.

Turudi kwenye swali la wananchi wa Bugeshi. Mambo ya ziwa yanawahusu kwa sababu maji, udongo na plastiki havisomi vibao vya mipaka ya utawala. Wanapozibwa ufa wa shamba, wanajilindia chakula chao wenyewe, na wakati huohuo wanamlinda mtoto aliyelala katika nyumba iliyo bondeni, ambaye huenda hawatamjua kamwe. Polisi inaweza kukamata mzigo na kuokoa watu usiku wa mafuriko, lakini haiwezi kukaa katika kila shamba. Msimu wa mvua unapokaribia, kila kaya na ikague mtaro wake leo, na umuganda ujao uanzie pale palipo na ufa mkubwa kuliko pote.